Nani Atapima Macho Baada ya Leza? Mjadala wa Barazani Ekerenyo

Ilikuwa Jumapili alasiri, mvua imekwisha kunyesha na vilima vinavyoizunguka Ekerenyo vimebaki na kile kijani kizito cha majani ya chai yaliyooshwa, tulipoketi watu watano barazani pangu, birika la chai katikati yetu na sahani ya ndizi mbivu pembeni, tukijadili jambo ambalo kwa sura yake lilikuwa la mtu mmoja lakini kwa maana yake lilikuwa la watu wengi. Binti wa jirani yangu, aliyemaliza Kidato cha Nne na kupata alama za kumfikisha chuo kikuu, alikuwa ameitaja optometria, yaani elimu ya kupima macho, kuwa chaguo lake la kwanza miongoni mwa kozi anazoomba. Na mjomba wake, mpima ardhi aliyekuja kutoka Nairobi kumtazama mama yake, alipoisoma orodha ile alikunja uso, akasema kwamba kazi hiyo ina umri mfupi, kwa sababu leza imekuja kuyanyoosha macho yenyewe, na jicho lililonyooshwa halina haja ya miwani wala ya mpimaji wake.

Kwa bahati njema alikuwapo siku hiyo mpima macho mwenyewe, mwanamke aliyesomea shahada yake katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega, na ambaye sasa anatumikia hospitali ya umma katika nyanda hizi zetu za Gusii. Alikuwapo pia nyanya yake binti mzaa mama, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya bonde, naye sote twamwita Magokoro kama wajukuu zake wamwitavyo. Nikaombwa mimi, wanayeniita Mwalimu, kwa ajili ya mvi zangu na kwa kuwa baraza ni langu, niishike mizani. Nimejitahidi kuyaandika maneno ya kila mmoja kwa insafu. Lakini mahali nilipoelemea upande sikupaficha.

MJOMBA. Sikuzuii kusoma, mwana wa dada yangu, na Mungu aniepushe na dhambi ya kumzuilia binti elimu. Ninachokukataza ni kujenga nyumba ukingoni mwa mto ambao kila mtu ajua kwamba utafurika. Nilivaa miwani tangu Kidato cha Pili. Bila miwani sikuweza kumtambua mtu aliye upande wa pili wa barabara, na katika kazi yangu, mvua ikinyesha au jasho likinitoka, vioo vikaingia ukungu, nilisimama shambani mwa watu nikiwa sina faida kwa yeyote. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda kwenye kliniki moja ya Nairobi, nikalipa zaidi ya shilingi laki moja, nikalazwa chali, nikatiwa matone ya ganzi, nikaambiwa niikazie macho nuru ndogo wala nisiiache, nikasikia mlio wa mashine na harufu kama ya nywele zilizoungua; na kabla sijamaliza kumwomba Mungu wangu kazi ilikuwa imekwisha. Asubuhi yake niliamka nikasoma tarehe za kalenda iliyo ukutani. Sasa niambieni: ikiwa dakika chache zimefuta miwani ya miaka ishirini na zaidi, huyu binti akifika umri wangu atampimia nani? Walikuwapo mjini Kisii watu walioishi kwa kusafisha picha katika vyumba vya giza, kazi ya heshima na ya ujuzi. Ikaja kamera ya simu, na ule ujuzi haukuwafaa tena.

MPIMA MACHO. Nafurahi kwa ajili yako, kaka, na sisemi hivyo kwa adabu tu, maana nawajua watu ambao leza imewapa uhuru waliokuwa hawajauonja tangu utotoni. Ila nieleze jambo moja. Kabla ya siku ile ya kulazwa chali, ulifanyiwa nini?

MJOMBA. Niliambiwa nikae kwanza bila kuvaa zile lenzi za jichoni nilizokuwa nikizivaa siku za kazi. Kisha akanishughulikia msichana mmoja kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda: mashine hii, mashine ile, matone ya kupanua mboni, soma herufi, soma tena, hii ni bora au ile. Nilikaribia kukasirika.

MPIMA MACHO. Huyo uliyekaribia kumkasirikia ndiye mimi, alisoma niliyoyasoma. Na nitakueleza alichokuwa akikitafuta. Konea, ule utando angavu ulio mbele ya jicho, ambao ndio unaoikunja sehemu kubwa ya nuru inayoingia, una unene wa nusu milimita au zaidi kidogo. Leza haiuongezi utando huo. Huupunguza, ili umbo lake libadilike na nuru iangukie mahali pake. Kwa kila dayopta moja, yaani kizio cha nguvu ya miwani, inayofutwa huondoka takriban maikroni 12, na maikroni ni sehemu moja katika elfu ya milimita. Kwa hiyo mtu wa dayopta 5, kama nadhani ulivyokuwa, hupoteza maikroni 60 ambazo hazitarudi hata siku ya kiyama. Tena, katika njia ile iitwayo LASIK, kabla ya leza kufanya kazi yake hukatwa kifuniko chembamba cha konea, chenye maikroni mia moja na ushei, kikafunuliwa kama jalada la kitabu na baadaye kurudishwa. Na chini ya hayo yote hutakiwa zibaki maikroni 250 kwa uchache, ili ukuta uliosalia uweze kuuhimili msukumo wa maji yaliyo ndani ya jicho. Hesabu hiyo huanzia kwa mpimaji. Akikosea yeye, leza itaukata upotovu kwa unyofu ule ule ambao ingeukata usahihi.

MJOMBA. Nakubali kwamba kipimo ni sharti.

MPIMA MACHO. Hicho ni kipimo cha mtu anayefaa. Lakini nusu ya elimu yetu ni kumtambua asiyefaa. Kuna maradhi yaitwayo keratokonasi, ambayo huifanya konea iwe nyembamba na kuchomoza mbele kama ncha ya yai, na aghalabu huanza katika ujana. Watoto wenye mzio wa macho, wale unaowaona wakiyasugua kwa ngumi asubuhi hadi jioni hata weupe wa jicho ukageuka rangi, hao wamo hatarini zaidi. Kijana wa namna hiyo huja akiwa na shauku, pengine ameuza kitu apate fedha, akasema, nifutieni miwani. Ukimpeleka kwenye leza umeupunguza ukuta uliokuwa tayari unabomoka, na pengine atakachokihitaji baadaye ni konea ya maiti. Inafaa aambiwe la, kwa upole na kwa yakini. Na ili uweze kuitamka hiyo la, yapasa uwe umeuona mchoro wa konea yake na kuelewa unasema nini. Hali kadhalika hatumpeleki mwenye mimba, wala ambaye miwani yake ingali ikibadilika kila mwaka, wala mtoto aliye chini ya miaka 18, kwa kuwa jicho lake lingali likikua.

Hapa naomba niliingilie neno lake, maana aliponieleza habari ya kusema la, moyo wangu ulikwenda kwa ababari, wale matabibu wa kale wa Abagusii, ambao walimpasua mtu ngozi ya kichwa na kulikwangua fuvu lake pale alipopigwa akabaki na maumivu yasiyokoma. Wataalamu wa tiba kutoka nchi za mbali walikuja katika karne iliyopita kuitazama kazi hiyo wakastaajabu kwamba wagonjwa wengi waliishi. Watu husimulia habari za kisu, na kisu ndicho kinachotisha masikio. Mimi katika ujana wangu niliwasikia wazee wakisifu kitu kingine: kwamba omobari mwenye akili alikaa kitako, akamuuliza mgonjwa na jamaa zake jinsi pigo lilivyokuwa, akautafuta ufa kwa vidole na kwa macho, na asipouona alikiweka chini kile kisu. Sisi tuna urithi wa kujua kwamba kupima ni sehemu ya kutibu, na sioni kwa nini tuusahau leo kwa sababu kisu kimegeuka nuru.

Na habari ya nuru hiyo yenyewe inapendeza kusimuliwa. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra wa karne ya kumi, ndiye aliyewathibitishia watu wa zama zake kwa hoja na majaribio kwamba jicho haliutumi mwale wake kwenda kukigusa kitu, bali nuru hutoka katika kitu ikaliingia jicho. Na kwa karne nyingi baada yake elimu ya macho ilikuwa elimu ya kuipokea nuru na kuielekeza kwa vioo. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Kisha mwaka 1981 mtaalamu mmoja aliyezaliwa Uhindi, Rangaswamy Srinivasan, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya IBM jimboni New York, alichukua mabaki ya bata mzinga aliyeliwa katika sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, akayapiga kwa leza ya urujuanimno ambayo jicho halioni miale yake, akaona kwamba inachonga mwili bila kuunguza pambizo zake. Daktari Stephen Trokel akalichukua wazo hilo akalipeleka kwenye konea. Ioannis Pallikaris, Mgiriki wa kisiwa cha Krete, akaja na njia ya kufunua kifuniko. Na mwaka 1995 serikali ya Marekani ikairuhusu leza hiyo kutumiwa kwa macho ya watu wake. Kwa hiyo jambo hili ambalo Mjomba analiona kuwa gharika ya kesho limekuwa likitumika duniani kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika nchi zilizotangulia kulipokea bado watu wanavaa miwani na bado vyuo vinafundisha wapimaji. Nilimweleza haya. Hakuridhika, na hoja aliyoileta ilikuwa na nguvu.

MJOMBA. Mwalimu, mimi sisemi kwamba wote wataisha. Nasema watabaki wachache. Kliniki za leza hapa nchini zahesabika. Zitahitaji wapimaji wangapi? Hao waliobaki watauza miwani. Na miwani nayo inauzwa na nani? Nenda sokoni siku ya soko, utaiona imetandazwa juu ya mkeka kati ya mitumba na betri, mzee ajaribu hii, ajaribu ile, inayomfaa akatoa shilingi zake akaenda zake bila kupimwa na mwenye shahada. Na simu nazo sasa zinapima macho. Juu leza, chini mkeka, ubavuni simu. Huyu binti nyumba yake ataijenga wapi?

MAGOKORO. Nami niseme, kwa kuwa mnazungumza habari za macho na mimi ndiye mwenye macho mabovu. Hiyo mashine ya mwanangu, je, itanirudishia uzi katika sindano? Kwenye chai nimekuwa nikichuma kwa vidole kuliko kwa macho. Napapasa nikijua hapa pana majani mawili na chipukizi. Lakini karani wa kituo hunirudishia majani akisema haya magumu, haya yamekomaa, na mimi sikuyaona. Jioni ni kilo nane mahali ambapo zamani zilikuwa ishirini.

MPIMA MACHO. Hapana, Mama, mashine ile haitakurudishia. Hicho kilichokupata humpata kila mwanadamu akishapita miaka arobaini hivi: lenzi iliyo ndani ya jicho, nyuma ya mboni, hukakamaa ikashindwa kujikunja kwa ajili ya vitu vya karibu. Leza ya konea haiondoi kukakamaa huko. Hata kaka hapa, ambaye konea yake imechongwa vizuri…

Hakumaliza, wala hakuwa na haja, kwa maana sote tulikuwa tumemwona Mjomba, mtu wa miaka arobaini na sita, alipoisoma ile orodha ya kozi katika simu ya binti: aliunyoosha mkono mpaka ukaisha urefu. Mjomba mwenyewe aliutazama mkono wake, akaukunja, akasema kwa unyofu ulionipendeza kwamba ni kweli, tangu mwaka jana ramani zake anazisogeza mbali, na hakuwa amefikiri kuwa ni jambo lenye jina.

MPIMA MACHO. Lina jina, na lina dawa ya shilingi chache. Shirika la Afya Duniani katika taarifa yake ya mwaka 2019 lilikadiria kuwa watu milioni 826 wanaishi na upungufu huo wa kuona karibu pasipo miwani ya kuwafaa. Tena kuhusu chai, Mama, neno lako limepimwa. Katika mashamba ya Assam, huko Uhindi, walitwaliwa wachumaji 751 wenye miaka arobaini na zaidi, wakagawanywa kwa kura, wengine wakapewa miwani ya kuonea karibu mara moja na wengine baadaye. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba waliopewa miwani waliongeza uchumaji wao kwa asilimia 21.7 kuliko wenzao. Miwani hiyo, pamoja na gharama ya kuwafikishia, ilikuwa kama dola 10. Hebu ihesabu hiyo kwa kilo zinazopelekwa kwenye viwanda vya chai vya Kebirigo, Sanganyi na Tombe, kisha uniambie kama kazi yangu haina mteja katika kaunti hii.

MJOMBA. Lakini miwani hiyo ndiyo iliyo juu ya mkeka!

MPIMA MACHO. Ndiyo, na sitasema uongo ili kuilinda kazi yangu. Mtu ambaye macho yake mawili yanalingana, asiye na ugonjwa mwingine wowote, miwani ile ya mkekani itamfaa, na kama hana njia nyingine namwambia ainunue. Taabu ni kwamba mkeka haujui ni nani huyo. Nilimpokea mzee mmoja, aliyekuwa amenunua miwani ya sokoni mara tatu kwa miaka michache, kila mara yenye nguvu zaidi, akidhani ni uzee. Alikuwa na glakoma. Ugonjwa huo hula mshipa wa fahamu wa jicho kimyakimya, ukianzia pembezoni mwa mwono, bila maumivu na bila wekundu, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Jicho moja lilikuwa limekwisha. La pili lilikuwa limebakiza tundu. Kila shilingi aliyoitoa juu ya mkeka ilimnunulia muda wa kupofuka. Laiti angekutana mara ya kwanza na mtu mwenye kifaa cha kutazama ndani, angekuwa anaona wajukuu zake mpaka leo.

Kimya chetu kilikuwa kirefu. Kisha binti, aliyekuwa hajasema neno, akauliza kama glakoma ina tiba, na jibu alilopewa ndilo lililoyageuza mazungumzo, kwangu mimi angalau, kwa sababu lilinionyesha kwamba tulikuwa tukiijadili leza moja ilhali leza ni nyingi.

MPIMA MACHO. Haiponi, lakini huzuiliwa isiendelee. Kwa kawaida mgonjwa hupewa matone ayatie kila siku ya maisha yake. Na wewe wajua maana ya kila siku ya maisha kwa mtu ambaye nauli ya kufika hospitali ni ya kukopa. Sasa sikiliza. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, walifanya uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021: baadhi ya wagonjwa wa glakoma walipewa matone ya timolol, na wengine wakapigwa leza ya namna nyingine, isiyochonga konea wala kumwondolea mtu miwani, bali huufungua mlango wa kutokea maji ya jicho ili msukumo upungue. Baada ya mwaka mmoja tiba ilikuwa imefaulu katika asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, na asilimia 31 tu ya yale ya matone. Hayo si ya Marekani wala ya Ulaya, ni ya chini ya Kilimanjaro, kwa wagonjwa wanaofanana na wetu. Ipo tena leza ya kuziba mishipa inayovuja katika jicho la mwenye kisukari, na ipo ya kusafisha ukungu unaorudi nyuma ya lenzi baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Hizo ndizo leza ninazoziombea nchi hii. Nazo zote, kaka, zina haja moja: apatikane mtu wa kumtambua mgonjwa mapema na kumtuma. Mwenye glakoma hajui kwamba ni mgonjwa. Huja kwangu kwa sababu Biblia yake imeanza kuwa na herufi ndogo.

MJOMBA. Basi simu itamtambua.

MPIMA MACHO. Simu itatusaidia, na imekwisha kutusaidia. Kule Trans Nzoia walimu wa shule 50 walifundishwa kuwapima wanafunzi, wakapimwa zaidi ya elfu ishirini. Katika shule zilizotumia programu ya simu iitwayo Peek, ambayo huwaonyesha wazazi picha ya jinsi mtoto wao anavyoona na kuwakumbusha kwa ujumbe, asilimia 54 ya watoto waliokutwa na tatizo walifika hospitali, na katika shule zilizotumia njia ya zamani asilimia 22. Umeona ilivyokuwa? Simu haikuwapunguza wagonjwa mlangoni. Iliwazidisha zaidi ya mara mbili. Na wale walipofika walihitaji mtu.

Ningependa kusema kwamba hapo Mjomba alishindwa, lakini isingekuwa haki. Hoja iliyosalia ilikuwa nzito kuliko zote, na haikutoka kwake. Ilitoka kwa binti, ambaye nilitambua kwamba muda wote alikuwa akiogopa kitu kingine, si leza.

BINTI. Daktari, mimi sikuwa nikiiogopa mashine. Naogopa kumaliza chuo nikakaa nyumbani. Wapo dada zetu waliomaliza kozi za afya, vyeti vimo kabatini, nao wanauza maziwa au mitumba wakingoja tangazo la kaunti. Watu wa kupima ni wengi, hayo nimesikia. Lakini wenye haja si wenye fedha, na serikali ikikosa kuniajiri, nani atanilipa kwa kumwona Magokoro?

MPIMA MACHO. Mwanangu, swali hilo lingeulizwa siku yangu ya kwanza chuoni, ningelia. Nami nitakujibu kwa yaliyonipata. Nilipomaliza sikuajiriwa, nikaingia duka moja la miwani katika mji ambao sitautaja. Mshahara ulikuwa mdogo, na juu yake kulikuwa na fungu kwa kila fremu iliyouzwa. Alikuja mama mmoja, macho yake mazima kama ya mtoto, kichwa kinamuuma kwa uchovu na kwa kukosa usingizi. Nilimwambia hahitaji miwani. Jioni niliitwa nikaulizwa kama nadhani kodi ya duka inalipwa kwa ukweli. Nilikaa pale miezi mingine minne, na sikufurahi nafsi yangu hata siku moja katika miezi hiyo.

Maneno haya aliyasema polepole, akiuzungusha mkono wa kikombe, na mimi nikaona kwamba hatimaye tumekifikia kiini cha jambo. Kwa miaka mingi, hapa kwetu na kwingineko, riziki ya mpima macho imefungwa kwenye fremu: kipimo hutolewa bure au kwa fedha kidogo, na faida hutafutwa katika kioo na plastiki. Mtu aliyefungwa hivyo ana haki ya kuiogopa leza, maana kila jicho lililonyooshwa ni fremu isiyouzwa; ana haki ya kuuogopa mkeka wa sokoni, na hata ana haki, Mungu atusamehe, ya kuiogopa afya ya wateja wake. Lakini kipimo chenyewe, yale macho mawili yaliyosoma yakiyatazama mengine mawili kwa subira, hakuna leza iliyokifanya kipungue thamani. Kila leza mpya imekiongezea dhima. Mwaka 2021 mataifa yalikubaliana katika mkutano wa Shirika la Afya Duniani kwamba kufikia 2030 kiwango cha wanaopata miwani ya kuwafaa kiongezwe kwa alama 40 za asilimia. Ahadi hiyo haiwezi kutekelezwa na madaktari bingwa wa Nairobi. Itatekelezwa na watu wanaolipwa kwa kupima, katika vituo vya afya kama vya huku kwetu, au haitatekelezwa. Mimi naona mshahara wa mpima macho mmoja kwa kila kaunti ndogo ni fedha ambazo chai peke yake ingezirudisha, na nalisema hili mbele ya kiongozi yeyote atakayeniuliza.

MJOMBA. Kwa hiyo, Mwalimu, unamshauri aingie katika kazi ambayo bado haijalipiwa?

MWANDISHI. Namshauri aingie akijua. Na namshauri asiifunge riziki yake kwenye fremu akiweza.

MPIMA MACHO. Tena usisahau watoto, kaka. Wataalamu walikadiria mwaka 2016 kwamba kufikia 2050 nusu ya watu wa dunia watakuwa na tatizo la kutoona mbali, kwa sababu ya masomo ya karibu na kukaa ndani. Huku kwetu bado ni wachache, lakini simu zimefika mpaka vitandani mwao. Mtoto wa miaka tisa hapelekwi kwenye leza. Hupimwa, huvishwa miwani, hutolewa nje kwenye jua acheze, hupimwa tena baada ya miezi sita, mpaka akue. Hiyo ni miaka kumi ya kazi kwa kila mtoto, na siku akifikisha umri wa leza na akaitaka, faili yake yote iko mkononi mwa huyu binti.

MAGOKORO. Nami faili yangu iko mkononi mwa nani?

Mpima macho alimwuliza kama ana kisukari katika ukoo, akamwuliza kama huona duara za rangi kuizunguka taa usiku, akamfunika jicho moja kwa kiganja na kumtaka amhesabie vidole pembeni, kushoto, kulia, juu na chini, kisha jicho la pili. Nasi wengine tukanyamaza kama watu walio katika ibada. Jicho la kushoto lilikosea mara mbili kwa upande wa juu. Akamwambia kwamba huenda si kitu, lakini Alhamisi aje hospitali, asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu, naye atamtazama ndani kwa kifaa.

Magokoro akasema Alhamisi ni siku ya kuchuma. Mjomba, ambaye alikuwa arudi Nairobi Jumatatu, akasema atarudi Ijumaa badala yake, na gari lipo. Binti aliichukua simu yake kutoka mezani, akaiacha optometria mahali pale pale pa kwanza, akaongeza chini yake stashahada ya chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, iwapo alama hazitatosha kwa shahada, kisha akamwomba mpima macho ruhusa ya kuja naye siku ya Alhamisi, ili aone anapotazama ndani ya jicho la nyanya yake anatazama nini.